Jozi Isiyohesabiwa

Kandambili za marehemu, zilizofungwa waya mwekundu, zilikuwa palepale mdomoni mwa chemba, na mlinzi wa lango la maji akazikwepa kwa macho kama kawaida yake.

Watu wa mitaro wana desturi yao. Anayeshuka chini handakini huvaa mabuti, kandambili zake huziacha juu, na ikibaki hata jozi moja lango halifunguliwi. Mlinzi aliyetangulia hakujisumbua kuangalia, na maji yakamchukua mdogo wake mlinzi huyu wa sasa. Kandambili zake hakuna aliyethubutu kuziondoa. Jozi ile peke yake ndiyo isiyohesabiwa. Kaka mtu akaiomba kazi ya lango yeye mwenyewe, ili yasimpate mwingine.

Alasiri hiyo mvua ilishuka kwa hasira. Maji ya mlimani yalikuwa yanakuja mbio, na yasipogeuzwa kuingia handaki kubwa yangeingia mtaa wa bondeni, anakoishi shemeji yake mjane. Mwaka jana alisitasita, yakamfika shemeji kifuani.

Mafundi wakachomoka chini mmojammoja, wakatumbukiza miguu kwenye kandambili zao, wakatawanyika kukimbilia vibaraza vya watu. Ikabaki jozi ile yenye waya mwekundu. Vumbi lake la siku zote halikuwepo. Mvua imeziosha, alijisemea.

"Nisamehe, mdogo wangu," akanong'ona, akazungusha usukani.

Maji yakageuka, yakaingia handakini yakinguruma. Alisikia mtu akiita kutoka chini. Humsikia kila mara afunguapo, na wenzake walishachoka kumwambia ni mawazo tu.

Mvua ilipokatika aliteremka bondeni. Alikuta sakafu ya shemeji kavu kabisa! Moyo ukamtulia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule, akacheka mbele ya mjane wa mdogo wake.

Shemeji akampa kiti, kisha akachungulia nje. Akauliza mbona kaja peke yake, binti yao yuko wapi. Ameanza kazi ya mitaro leo, alitaka kumshtukiza baba yake mkubwa.

Bwana akasema hajamwona.

"Labda hukuangalia miguuni, shemeji," mama akatania. "Jana alizipitia kandambili za baba yake pale kwenye chemba, akazifuta vumbi, akaja nazo nyumbani. Zimemtosha barabara. Asubuhi katoka nazo."