Wimbo wa Kumlaza Mtoto

Ruthu alitema mate kabla ya kuimba. Yakatua kando ya kiatu cha Bibi Hedwig.

Askari Hassani akainua kiboko. Bibi akamzuia, wala si kwa huruma: sanduku lake la kunasa sauti lilikuwa wazi, na lingenasa na mlio wa kiboko.

Bibi huyu alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kidachi, yaani wa Ujerumani, kuzunguka Ugogo akichunguza mila, na hakuchoka kulisema hilo. Nyimbo alizipenda kwelikweli. Wenye nyimbo, hapana. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa Kikuyu, kijiji cha Ugogo, mgeni alikuja, wenyeji wakajifungia ndani ya tembe zao.

Hassani alikuwa na lake. Matonya, mume wa Ruthu, alitoroka kazi ya reli akajificha na ng'ombe wake porini Chemba. Akikamatwa, ni kitanzi.

“Mume akisikia sauti ya mkewe atatoka mwenyewe,” Hassani alimwambia Bibi, mbele ya Ruthu, kana kwamba Ruthu ni kigogo cha mti. “Sisi tutajilaza vichakani.”

Bibi alifikiri kidogo, akakubali. Naye angepata wimbo wake.

“Aimbe ule wa kumlaza mtoto,” alimwagiza Mustapha, mkalimani wake, Mrangi wa Kondoa.

“Asipoimba, huyo mtoto wake mgongoni tunaondoka naye,” Hassani aliongeza.

Ruthu alimgeukia Mustapha kwa chuki, akamwuliza kwa Kigogo, lugha ambayo Hassani hakuijua: “Na wewe umekuwa mbwa wao?”

“Imba, dada yangu. Kutafsiri niachie mimi.”

Ruthu akamtazama kitambo. Kisha akaimba, kwa sauti ya juu, mpaka mtoto mgongoni akaamka na kuanza kulia.

“Mbona halali?” Bibi aliuliza.

“Anawaogopa ninyi,” Mustapha alijibu.

“Na wimbo unasemaje?”

“Lala mwanangu, baba anarudi na maziwa.”

Hassani alicheka hadi akashika mbavu. Wanawake waliochungulia milangoni hawakucheka. Mmoja alimwita Ruthu msaliti, kwa Kiswahili ili Hassani asikie, akafunga mlango.

Njia nzima hadi Chemba Bibi alijifunza ule wimbo. Kigogo hakukijua, lakini sikio alikuwa nalo. Akaushika neno kwa neno.

Walipofika, askari walijilaza vichakani, bunduki tayari. Bibi akazungusha mkono wa sanduku, na sauti ya Ruthu ikatoka, nyembamba, yenye mikwaruzo. Ng'ombe akalia mahali fulani porini. Hassani akaelekeza bunduki kule.

Hakutokea mtu.

“Hajasikia vizuri,” Bibi alinong'ona kwa hasira. Akazungusha tena, akasimama juu ya jiwe, na safari hii akaimba pamoja na sanduku, kwa Kigogo kisicho na doa, kwa nguvu zake zote:

“Mume wangu, usisogee, sauti hii ni mtego. Wauaji wako wamelala vichakani. Swaga ng'ombe, ukimbie!”