Msichana wa Nne

Bango lilibandikwa alfajiri kwenye ukuta wa soko, likionyesha wasichana wanne waliovaa kofia za kuogelea. Kufikia saa tatu walibaki watatu. Uso wa Umulisa ulikuwa umekwanguliwa kwa kisu cha samaki, na aliyeukwangua hakujificha: alikuwa Dancille, mama yake mwenyewe.

Mwalimu Karekezi aliutazama ukuta ule, damu ikamchemka. Miaka sita alikuwa amewafundisha wasichana hao ziwani Kivu, bila bwawa, yeye akipiga filimbi juu ya mtumbwi wa kuazima. Nchi ndogo, waogeleaji wachache. Mashindano ya dunia ya vijana yalikuwa yamewapa mbio moja tu, ya kupokezana, watu wanne. Akikosekana mmoja, hakuna timu. Na vyeti vya kuzaliwa vya wote wanne vilitakiwa leo Ijumaa, kabla ya saa sita mchana.

Wiki tatu Dancille alikuwa akimzungusha. Kwanza cheti kililowa. Mara kiko kwa kaka yake, huko milimani Mudende. Karekezi akapanda Mudende kwenye mvua, akamkuta huyo kaka shambani, matope magotini, hajui cheti wala habari zake. Kisha wakaahidiana kukutana ofisi ya sekta, kwa serikali ya mtaa, wakaombe kingine. Mwalimu alikaa kwenye benchi mpaka ofisi ikafungwa.

"Anaogopa maji," watu walimwambia. "Mume wake alizama humo humo."

Umulisa alibisha. "Mama haogopi, mwalimu. Nikiogelea hadi kule mbali, yeye anauza samaki wake wa sambaza tu, hata kichwa hainui. Asichopenda ni picha."

Karekezi hakumsikiliza. Aliteremka ufukweni, akamkuta Dancille akianika sambaza juu ya wavu.

"Mama Umulisa, nimechoka kukubembeleza. Wasichana watatu wamefunga mabegi. Wako analia tangu jana. Hofu yako ndiyo imnyime mtoto dunia?"

"Mi siogopaka maji, mwalimu."

"Basi nipe cheti!"

"Haiko."

"Kama kimepotea, twende sekta sasa hivi. Nitakuwa shahidi wako. Wataandika kingine."

"Bataniuliza nilimuzalia wapi."

"Si utawajibu? Jambo gani gumu hapo?"

Dancille aliendelea kutawanya samaki, mmoja mmoja. Karekezi alitazama saa. Saa nne na nusu. Alitamani kuupindua ule wavu.

"Ile mwaka mutumbwi ya watu ilipinduka hapa mbele," mwanamke alisema hatimaye, macho chini. "Usiku, na upepo mukali. Bwana wangu alitoa mutoto mumoja mu maji, wa miezi tu, anapumua. Aliniletea ye mu nyumba. Mi Mungu alikuwa hajanipa."

Hasira ikamtoka mwalimu kama pumzi. Akaona haya kwa maneno yote aliyomtupia mjane huyu. Akachuchumaa kando yake.

"Umulisa anajua?"

"Hapana."

"Mama, sikiliza. Hilo si kosa. Mliokoa roho. Wazazi wake waliishia ziwani, nyinyi mkamlea, nani atawalaumu? Tukawaeleze sekta hivyo hivyo ulivyonieleza mimi. Watakuandikia karatasi, na watakushukuru. Muda bado upo. Inuka, twende."

Alikuwa ameshamnyooshea mkono. Dancille hakuushika.

"Kesho yake mama yake alikuja hapa, muzima, miguu inatoka damu, anauliza nyumba kwa nyumba," alisema. "Nilimupa maji ya kunywa, mwalimu, nikamuambia sikuona mutoto."