Mbwa Aliyefundwa na Paka

Kwa Bi Zamaradi, mbwa walikuwa wa kupita tu: aliwalea mpaka wapate wa kuwachukua. Mwenyeji alikuwa paka Mashavu, na maringo yake yalijaa nyumba nzima.

Kishindo alifika akiwa ameshafukuzwa nyumba tatu kwa fujo. Mashavu akamfunda mwenyewe, ili achukuliwe upesi.

"Hapa haturukii watu," alimwambia. "Hatulilii chakula. Tukiitwa, hatukurupuki."

Kishindo akayashika yote, maana nyumba ile alishaipenda.

Siku moja akaja bwana mmoja na kamba mpya mkononi. Akapiga mluzi; Kishindo hakugeuka. Akamwita kwa jina, akamnyooshea kipande cha nyama. Kishindo akampa mgongo, akaanza kujilamba mguu taratibu.

"Mimi nilitaka mbwa," yule bwana akasema, akaondoka na kamba yake.

Bi Zamaradi alicheka mpaka akakaa chini. "Basi huyu ni wa hapahapa."

Mashavu akaja juu. "Nyama ile umeiacha makusudi?"

"Shikamoo, mwalimu," Kishindo akajibu, akajinyoosha juani, palepale Mashavu alipozoea kulala.