Kopo la Kilima

Zohra alikung'uta mfuko wa sukari, zikadondoka chembe chache, zikamganda kidoleni. Mkate wa sinia ulikuwa tayari motoni, na sukari yote imo humo.

Asubuhi mama mkwe alimwambia, "Kilo hii ya foleni inatoa makopo matatu. Mawili ya mkate, la tatu uliache, ni la chai ya wageni."

Makopo mawili tu kapima, na wageni waliokuja kumposa wifi yake wameshakaa ukumbini. Ngamiani nzima hakuna duka lenye sukari.

Mama mkwe akaingia na birika. Akautazama mfuko, kisha kopo.

"Ulipima mfuto, ukafuta juu kwa kiganja?"

"La, mama. Tele, mpaka ikafanya kilima. Kwetu Kigombe ndivyo tunavyopima."

"Kumbe kwenu Kigombe mna shamba la miwa, mwanangu, nami sikuambiwa."

Akatoa kichwa mlangoni, akalainisha sauti. "Mtatuwia radhi, jamaa zangu. Nyumba hii sukari hatuigusi, daktari ametukataza sote."

Zohra akapepea moshi haraka haraka kuuelekeza uani. Harufu ya mkate mtamu ilikuwa imeshamtangulia mama mkwe ukumbini.