Mteja Wetu Mpendwa

Mzee Hatibu aliiweka simu yake juu ya kaunta ya duka kubwa kwa mikono miwili, kama anayekabidhi yai.

"Mwanangu, nitazamie. Huyu yuko mji gani?"

Mhudumu alizisoma jumbe zilizotumwa na duka lao. Asante kwa kununua nepi. Asante kwa kununua unga wa lishe. Wa mwisho, wa miezi minne iliyopita: asante kwa kununua dawa ya homa ya mtoto.

"Si ni wewe, baba? Namba ni yako."

"Ni yangu. Lakini anayenunua ni binti yangu, Sikudhani. Kila akilipa huulizwa namba ya simu, naye hutaja yangu. Aliikariri tangu mdogo."

Tangu siku alipomfukuza na mimba yake, mzee hakujua alipo. Kwa jumbe hizo tu alijua kwamba mjukuu kazaliwa, kwamba kaanza uji.

"Tawi analonunulia naliona hapa kwenye kompyuta," mhudumu alisema taratibu, "ila taarifa za mteja ni siri. Mpaka aje mwenyewe."

"Siri? Mmeniambia mpaka nepi!"

Simu ikatetemeka. Wote wawili wakaiinamia.

Mteja wetu mpendwa, hatujakuona siku nyingi. Tumekukumbuka. Rudi, tunakusubiri.

Chini yake, kwa herufi ndogo: namba hii haipokei majibu.

Mzee Hatibu aliusoma wote, mpaka mwisho. Kisha akaketi pale pale sakafuni, akaanza kujibu kwa kidole kimoja, herufi moja moja.