Uso wa Frida Kwenye Shuka

Enesi aliingia ukumbi wa shule na jembe mkononi, matope ya shamba la kahawa yamemganda hadi magotini, wala hakumsalimia mtu.

"Mama Frida, karibu, tumekuwekea kiti," alisema Mwalimu Lusubilo.

"Kiti cha nini? Usiioneshe hiyo filamu! Si nilikwambia mwanangu asionekane?"

"Frida mwenyewe ndiye aliyeitunga, mama. Na wenzake walikataa kuigiza bila yeye. Subiri kidogo uone."

Subiri! Aliyezaa mtoto mwenye ualbino ndiye ajuaye kusubiri ni nini. Miaka yote alimfundisha Frida kutembea katikati ya wenzake, kofia hadi machoni, asibaki nyuma njiani. Watu wa Iyula walimjua, hilo halikumtisha. Ila filamu hii ingepelekwa Tunduma, ionwe na kila mpita njia. Na juzi tu alimwona gulioni mwanamume mmoja mwenye pikipiki, hajulikani atokako, akiuliza yule mtoto mweupe anasoma wapi.

Enesi akageuka, akamwona. Ni yuleyule! Kaketi benchi la nyuma, simu juu, tayari kurekodi. Jamani! Jembe likamponyoka.

Waliokaa karibu wakafunga madirisha, ukumbi ukawa giza. Kwenye shuka lililotundikwa ukutani akatokea mtoto mwenye kofia pana na shati la mikono mirefu, kaipa kamera mgongo. Akageuka taratibu. Uso mweupe pe.

"Bwana Yesu, huyo mwanangu! Zimeni!" Enesi alipiga yowe, kisha akajiziba mdomo. Kamtaja mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya yule mtu. Machozi yakamtoka.

Mtoto wa kwenye shuka akafungua mdomo. Sauti nzito ya Nikodemo, kijana wa jirani, ikauliza, "Mnamtafuta nani?" Unga wa sembe ulikuwa ukimdondoka kidevuni.

"Mnamtafuta nani?" likaitikia darasa zima nyuma yake, wasichana kwa wavulana, kofia kwa kofia, wote wamejipaka unga hadi kwenye kope. Enesi, yeye aliyemzaa, alikagua uso mmoja baada ya mwingine, na hakujua wake ni yupi.