Fumbo la Nungunungu

Wanyama walipokuwa wakicheza sataranji, mwalimu wao alikuwa Nungunungu, mwenye majivuno. Alitumia mwaka mzima kutunga fumbo moja: mwenye kete nyeupe amfunge mfalme mweusi kwa hatua mbili. Akaapa kwamba atakayelifumbua atachukua kiti chake cha ualimu.

Tumbili alijaribu siku tatu, akashindwa. Fisi alijikuna kichwa mpaka akachubuka.

Akaja Chura, aliyejifunza mchezo juzi tu. Akautazama ubao, akasogeza farasi mweupe mara moja. Mfalme mweusi akakosa pa kukimbilia.

“Nilisema hatua mbili!” Nungunungu akafoka. “Hilo silo jibu nililolificha!”

“Samahani, mwalimu,” Chura akasema, huku akipanda kitini. “Mfalme keshafungwa. Hiyo ya pili nimchezee nani?”